Arusi Iliyoiwahi Mvua

Mfano huu aliusimulia kwanza Maalimu Ausi Mchenga, mwezi wa Juni 1991, kwa watu wazima waliobaki msikitini baada ya sala ya alasiri.

Mtu mmoja wa pwani ya kusini, Saidi Namkumba, alikuwa na binti wa pekee, Siwema, na redio aliyoitunza karibu sawa na binti huyo. Arusi ya Siwema ilipangwa Ijumaa. Jumapili kabla yake redio ikatangaza kimbunga baharini, kinakuja pwani na mvua kubwa. Saidi akachukua chaki, akachora pwani kwenye mlango wake, na kila taarifa ya habari akatia alama: asubuhi kipo hapa, jioni kipo pale. Majirani wakaja kutazama, wakamsifu. Naye, tusifiche, alipenda kusifiwa.

Kufikia Jumanne alama zilikuwa tano, na hata mtoto wa shule angeona kwamba mvua itafika Ijumaa. Wakwe walikaa ng'ambo ya mto, na mto ule ukijaa haupitiki. Saidi aliyajua hayo kuliko wote, akaendelea kutia alama. Kuiwahisha arusi aliona haya: watu wangesema binti ana mimba.

Mkewe, Somoe, alikuwa akipepeta mchele wa karamu. Akasema, "Waache waseme, baba Siwema. Watasema wakiwa wameshiba."

Saidi akautazama mlango, akaona haya iliyo kubwa zaidi. Alikuwa amewaonyesha watu wote njia ya mvua, na yeye mwenyewe hajasogea hata hatua. Akaiweka chaki chini, akavuka mto kwa miguu, akarudi na jibu la wakwe kabla ya magharibi.

Siwema akaolewa Jumatano, bwana arusi akiwa amevaa kanzu ya kuazima iliyomwishia magotini. Watu walisema, ni kweli, na walisema midomo imejaa pilau. Ijumaa mvua ikashuka, mto ukajaa, wakwe waliokuwa bado karamuni wakashindwa kurudi kwao. Siku sita watu wa pande mbili walibanana nyumba moja, wakapika chungu kimoja, wakaimba kuishinda mvua juu ya paa. Walioingia wakiitana wakwe walitoka wakiitana ndugu.

Anayejua kinachokuja na bado hajanyanyua mguu, tuseme amejua nini?

Saidi na Somoe wamefariki, na Maalimu pia. Siwema na mumewe wako hai.