Kikapu Kilichoinama

Ukiinamishiwa kikapu, usijisifu urefu. Methali hii mmeisikia leo uwanjani, mkacheka, kisha mkaniuliza ilitoka kwa nani. Ilitoka kwa Lusajo, na chanzo chake ni hiki.

Lusajo alisomea ualimu katika chuo kimoja cha nyanda za juu, ambako mpira wa kikapu ulichezwa juani, kwenye sakafu ya saruji. Alikuwa mrefu kuliko wanachuo wote. Kihwele, mwalimu wa timu, alimpa amri moja tu tangu mwaka wa kwanza: simama chini ya kikapu, nyoosha mkono, wenzako watakuletea. Nao walimletea. Kila akitumbukiza mpira alining'inia kwenye chuma cha kikapu, vigelegele vikapigwa, hata chuma kikalegea na kuinama. Fundi alipokuja na spana yake, wanachuo walimzuia.

"Kiache hivyo hivyo. Kimeshamzoea mwenyewe."

Kihwele alikuwapo, akatazama pembeni. Makombe yalikuwa yanajaa ofisini kwake.

Sifa zikamlevya Lusajo. Mwaka wa mwisho, wenzake walipokwenda shuleni kwa mazoezi ya kufundisha, yeye hakwenda. Mchezaji wa kulipwa, alisema, chaki ya nini? Akapanda basi la Dar es Salaam bila cheti.

Klabu aliyoiendea ilichezea ukumbini. Kocha wao, mama mfupi mwenye filimbi shingoni, alimpima kwa macho.

"Unacheza wapi?"

"Chini ya kikapu."

"Huko ninao watatu, na wewe unawafika mabegani. Kwa kimo chako, hapa utacheza nje, uendeshe mpira na kutupa wa mbali. Haya, nionyeshe."

Mpira wa kwanza uligonga ubao, wa pili haukugusa kitu. Alipoudunda, kijana aliyemfika kifuani akamnyang'anya, kisha akamnyang'anya tena. Akajaribu kuingia chini, anakokujua. Chuma kilikuwa kimenyooka, na mikono ya wale watatu ilikuwa juu zaidi. Wala hawakumcheka, na hilo lilimuuma kuliko kicheko.

"Bidii unayo, mwanangu," kocha alisema, "lakini haya hawa wameyajua tangu wadogo. Mwalimu wako alikuwa nani?"

Lusajo alirudi chuoni kumtafuta huyo mwalimu, akamkuta kando ya uwanja.

"Shikamoo, mwalimu. Ulijua kikapu kimeinama?"

"Marahaba. Nilijua."

"Na kwamba kwa kimo hiki, mbele ya safari sitapewa nafasi ya chini?"

"Nilijua pia. Lakini chuo kilitaka makombe, Lusajo, na wewe ulitaka vigelegele. Uliniomba lini nikufundishe kutupa wa mbali?"

Maneno yale yalikuwa nusu ya kweli, na nusu ya pili Kihwele aliibakiza moyoni mwake. Pale uwanjani mwanachuo mpya, mrefu, alitumbukiza mpira akaning'inia kwenye chuma kilekile. Lusajo akamwita.

"Mdogo wangu, ukiinamishiwa kikapu, usijisifu urefu."

Kijana alimtazama toka viatuni hadi kichwani. "Huo wivu, kaka," akasema, akarudi mbio chini ya kikapu.

Wanachuo wakaifanya kauli ile wimbo wa kumdhihaki Lusajo kila alipopita. Kisha, miaka michache baadaye, yule kijana naye alirudi kutoka Dar es Salaam na begi lake begani. Hakuna aliyeimba tena. Tangu hapo watu huisema kwa sauti ya chini: ukiinamishiwa kikapu, usijisifu urefu.