Gunia Lililokosa Mpokeaji

Ajuaye kujitwika na ajue kutua. Ndivyo kocha wenu alivyomwambia Ambilikile asubuhi hii, nanyi mkaja mbio kuniuliza maneno hayo yametoka wapi. Mnadhani ni ya mababu. Mababu gani! Aliyeyasema kwanza yuko hai, na mikono iliyokuwa ikimpokea mizigo yake ni hii hapa. Kaeni kwenye hayo majani ya migomba. Mashine ile ya pembeni msiikalie, maharage yangu niliyoyaanika juu yake hayajakauka, na tena nayo imo katika habari hii. Haya, kisa chake kilikuwa hivi.

Njia ya kutoka Lubala, kule mlimani, kuja hapa gulioni malori hayaiwezi, hata leo. Siku zile ndizi zote za mlimani zilishuka kwa vichwa vyetu wanawake. Kikundi chetu kilikuwa na desturi yake: shambani wenzako wanakutwika, gulioni wenzako wanakupokea, na katikati ni wewe na shingo yako. Hakuna aliyetua mkungu peke yake. Mkungu ukidondoka huchubuka, na ndizi iliyochubuka inakuwa nyeusi kesho yake, mwenye lori anaikataa. Basi mtu alifika, akasimama wima, akaita, "Nipokeeni!" Mimi Ngwitika ndiye niliyekuwa mpokeaji. Kwa ufupi wangu huu nilipanda juu ya jiwe ndipo nikawafikia.

Mwenye shingo kuliko wote alikuwa Atupakisye. Huyo alibeba mikungu miwili, akatafuna hindi la kuchoma, na akakusuta njia nzima, yote kwa pamoja. Kwa hiyo televisheni ilipotangaza shindano la Shupavu wa Taifa, la kukimbia na kupanda kamba na kubeba mizigo, hatukujadili nani aende. Mshindi angepewa pikipiki ya magurudumu matatu ya kubebea mizigo. Pikipiki ya namna hiyo njia ya Lubala inaipanda. Nasi tulikuwa na Sekela, mwenye mimba ya kwanza, tumbo limeshatangulia mbele, na bado anateremka na mkungu kichwani kwa sababu asiposhusha ndizi hapati chakula. Atupakisye alimshika mkono akamwambia, "Mtoto wako wa pili hutambebea mimba chini ya mkungu. Nakuletea hiyo pikipiki."

Siku ya fainali tulijazana kwenye kibanda umiza, banda la kutazamia televisheni, tukawatoa wanaume waliokuja kutazama mpira. Walibaki wawili tu: Atupakisye wetu na mwalimu mmoja wa mazoezi ya viungo kutoka Tanga, jina lake Zamoyoni, mwanamke mwepesi mwenye mabega ya haja. Kazi ya mwisho ilikuwa gunia la mchanga. Unalibeba, unakimbia nalo, unapanda ngazi, unaliweka juu ya meza, unapiga kengele. Likianguka, unarudi ulikoanzia.

Zamoyoni alilitia begani, likawa linamvuta upande. Atupakisye akaweka kichwani ngata yake ya majani makavu, akajitwika, akaondoka. Wajukuu zangu, alikimbia kana kwamba kichwani hamna kitu! Alifika mezani mwenzake yuko mbali nyuma. Tulikuwa tumeshaanza kupiga vigelegele.

Kisha akasimama.

Alisimama wima mbele ya ile meza, mikono kiunoni. Aliyeshika kamera akaleta uso wake karibu. Mwenye mzigo kichwani hageuzi shingo, basi yalikuwa yanageuka macho tu, kulia, kushoto, kulia, kushoto. Halafu nchi nzima ikamsikia akisema, "Nipokeeni, jamani!"

Mtangazaji hakuelewa. Mimi nilielewa sana, maana nilijikuta nimepanda juu ya benchi, nimeinua mikono kuipokea televisheni. Alipokumbuka kwamba kule hakuna Ngwitika wala jiwe lake, aliinama vibaya, kwa kiuno. Gunia likateleza mgongoni, likabingirika ngazi zote mpaka chini. Zamoyoni akalipisha, akapanda, akabwaga lake mezani. Kengele ikalia.

Mshindi wa pili alipewa mashine ile pale, ya kukimbilia ndani ya nyumba. Ilipofika tuliizunguka tukiitazama. Sekela akauliza, "Yaani unakimbia halafu hufiki? Kwani sisi tumewahi kukosa mahali pa kukimbia?" Tulicheka mpaka tukaketi chini.

Atupakisye hakucheka. Alishindwa, na aibu ikamla. Watoto wa njiani walikuwa wakiweka ndoo tupu kichwani, wanasimama, wanazungusha macho, "Nipokeeni, jamani!" Akaacha kuja gulioni. Wakati huo Sekela anashuka na mkungu wake taratibu, anapumzika kila kona, na kumwona hivyo kulikuwa kunaniuma. Siku moja nikafunga kanga yangu nikampandia Atupakisye huko huko mlimani.

Nikamkuta anapalilia, mgongo ameipa njia.

"Shikamoo, mama," akasema bila kugeuka.

"Marahaba. Gulio limekukosea nini?"

"Mama Ngwitika, nimewaangusha."

"Uliangusha gunia. Sisi tulikuwa tumekaa kwenye benchi, hakuna aliyeumia."

Akaegemea jembe. "Nchi nzima inanicheka."

"Ilicheka. Kengele ilipolia watu walizima televisheni wakaenda kula. Wewe ndiye bado umesimama pale na lile gunia kichwani, unazungusha macho. Unamngoja nani?"

Alininunia kwanza. Kisha nikamwona mdomo unamchezacheza, na mara kikamtoka kicheko chake kile cha zamani, akacheka mpaka akajifuta machozi kwa upindo wa kanga. Alipotulia akasema, "Lakini mama, unajua? Miaka yote hii nimefundishwa kubeba tu. Kushusha sikufundishwa. Tangu nikiwa msichana nimeshushiwa."

"Sasa hapo umesema jambo," nikamwambia. "Mashindano yanarudi mwakani. Vaa ndala twende."

Nilimfundisha yale ambayo mikono ya mpokeaji inayajua. Usiiname kwa kiuno, piga goti. Mzigo haushuki mara moja, unashuka kwa vituo: kichwani uje begani, begani uje kifuani, kifuani uje pajani, ndipo uuweke unapotaka. Alianza na gunia la pumba, akaja kwenye mikungu yenyewe. Aliichubua mingi! Tulikula ndizi zilizochubuka asubuhi, mchana na jioni, mpaka watoto wakalia kuomba ugali. Wenzake nao wakaanza kujifunza kwa ubishi, huyu akimcheka yule, hata Sekela, ambaye sasa alikuwa na mtoto mgongoni.

Mwaka uliofuata tukarudi kibanda umiza. Fainali ikawakutanisha wale wale. Lakini tulipomwona Zamoyoni tukashikana mikono kwa hofu, kwa sababu safari hii na yeye alikuja na ngata! Alikuwa ameona mwaka jana kwamba kichwa kinakimbia kuliko bega, akajifunza mwaka mzima. Akajitwika gunia lake vizuri kabisa, na kwa ile miguu yake myepesi akamwacha Atupakisye nyuma. Sekela akafumba macho. Alisema, "Basi, imekwenda."

Zamoyoni akafika mezani kwanza. Akasimama.

Mikono kiunoni. Macho kulia, kushoto, kulia, kushoto.

Atupakisye akapanda ngazi bila haraka yoyote. Akapiga goti. Kichwani, begani, kifuani, pajani, gunia likakaa mezani kama mtoto aliyelazwa. Akapiga kengele. Na kabla kengele haijanyamaza, Zamoyoni akasema kwa sauti ndogo, "Dada, nipokee."

Atupakisye angeweza kumwacha pale nchi nzima imcheke, kama alivyochekwa yeye. Lakini kwetu mtu hasimami na mzigo wewe ukimtazama. Alipanda juu ya meza, akanyoosha mikono, akampokea. Wakakumbatiana, Zamoyoni anacheka na kulia kwa mpigo mmoja.

Mtangazaji akamwekea Zamoyoni kipaza sauti, akamuuliza imekuwaje.

"Mwaka jana nilimtazama alivyobeba, nikajifunza," akasema. "Alivyokwama sikutazama. Nilikuwa nashangilia kengele yangu."

"Na wewe, Atupakisye?"

"Mimi sikuwa na kengele ya kushangilia," akajibu, "kwa hiyo nilipata nafasi ya kutazama." Kisha akaonyesha yale magunia mawili yaliyolala mezani, akasema, "Ajuaye kujitwika na ajue kutua."

Kesho yake maneno yale yalikuwa gulioni, wiki iliyofuata yalikuwa kanisani, na sasa hata makocha wa mpira wanayasema kana kwamba ni yao. Pikipiki ilikuja. Wa kwanza kupakia mikungu yake alikuwa Sekela, na mtoto wake wa pili hakubebewa mimba chini ya mkungu.

Sasa wewe Ambilikile, golikipa wangu. Goli lile ulilofungwa Jumapili umelibeba wiki nzima, mazoezini hufiki, njiani unapita umeinamisha uso. Kocha hakukwambia usahau goli hilo. Amekwambia ulitue, uliweke chini mahali unapoweza kulitazama. Lilipita wapi?

"Katikati ya miguu, bibi."

Haya, umeliona. Kaanzie hapo. Lakini ngojeni kwanza, mtazameni yule anayeteremka na mkungu wa shamba lake la hapa juu. Ndiye Atupakisye mwenyewe. Ambilikile, kaa chini, usiende kumpokea. Tazama goti lile. Begani, kifuani, pajani. Umesikia mkungu ukigusa ardhi? Hata mimi sikusikia.

Ajuaye kujitwika na ajue kutua.