Kindi, Nyani na Rede ya Chini ya Mkuyu

— Natupa.
— Tupa.
— Natupa ngano.
— Tupa, tunakwepa.
— Hii haikwepwi, hii inadakwa.
— Basi tunadaka.

Hapo sawa. Kaeni vizuri, maana leo nimekuja na hasira zangu, na sitaki mtu aniulize zimetoka wapi. Zimetoka hapo nje. Nimepita asubuhi nikakuta wasichana wanacheza rede. Mmoja kagongwa mgongoni, mpira umelia pu, mtaa mzima umesikia, naye kakunja uso anasema, "Kwetu mgongo hauhesabiwi." Kwetu wapi? Yeye na aliyemgonga wanalala chumba kimoja.

Mimi rede nimeicheza mpaka magoti yakaniisha. Nimecheza ile ya wawili wanaorusha na mmoja katikati. Nimecheza ya makundi, ambayo wa mwisho kubaki akijaza chupa ya mchanga anawaokoa wenzake wote. Nimecheza ya kudaka, ukidaka unapata roho, na ukigongwa unaitoa roho ile unaendelea. Nimecheza ya mpira kudunda ukahesabiwa na ya mpira kudunda usihesabiwe. Zote nzuri. Anayeniudhi ni yule anayeleta sheria mchezo ukiwa umeshafika katikati. Sasa sikilizeni habari ya Nyani.

Hapo kale palikuwa na mkuyu mmoja kando ya mto mkavu. Kwenye tundu la mkuyu aliishi Kindi na watoto wake watatu, wadogo, hata macho hawajafumbua. Mwaka ule mkuyu ukazaa mpaka matawi yakainama. Nyani akasikia harufu kutoka jabali la mbali. Akaja na mpwa wake Tumbili, akala kuyu za chini, akala za juu, akala za kushoto, akala za kulia, akajifuta mdomo, akachungulia tunduni.

"Kindi, hama," akasema.

"Nihame niende wapi, Mzee Nyani? Nina watoto wachanga."

"Hilo ni lako. Mti huu nimeupenda. Sitaki mtu anayeamka asubuhi kabla yangu akachuma."

Kindi anakula kuyu mbili kwa siku. Mbili. Na huyu bwana ameshakula zisizo na idadi, bado anaziona zile mbili zinamkereketa kooni.

Sasa, nchi ile ugomvi wa mti haukuamuliwa kwa meno. Uliamuliwa kwa rede. Anayedai mti anarusha kutoka upande mmoja, mwenzake anarusha kutoka upande wa pili. Anayeutetea anakaa katikati na kibuyu kitupu. Akikijaza mchanga kabla hajagongwa, mti wake. Akigongwa, anahama. Na kanga wote wa mto ule wanakaa pembeni kuwa mashahidi, kwa sababu kanga hawana mti wanaogombea.

"Tucheze rede," akasema Kindi.

Nyani akacheka mpaka tumbo likatikisika. Alikuwa na mikono mirefu, na akirusha kitu unasikia upepo wake kwanza. Akakubali.

Wakafunga mpira wa majani makavu kwa nyuzi za mkonge. Wakachora mistari miwili. Kanga wakakaa.

Nyani akarusha, vuuu. Kindi akaruka. Akainama, akachota, akatia. Tumbili akarusha, vuuu. Kindi akalala chini. Akainuka, akachota, akatia. Nyani akarusha, vuuu. Kindi akaunyaka mpira hewani, chwap.

"Amedaka," wakasema kanga. "Ana roho moja."

Tumbili akarusha, ukamgonga Kindi mkiani, pu. Kindi akaitoa roho yake, akaendelea. Akainama, akachota, akatia. Akakwepa. Akainama, akachota, akatia. Kibuyu kikajaa. Akakisawazisha kwa kiganja, akasema, "Nimejaza."

Nyani akajikuna kidevu.

"Kwetu sisi," akasema, "hakuna kudaka. Hiyo roho haikuwa halali. Kwa hiyo ulipogongwa mkiani ulikuwa umeshatoka."

Mmemsikia? Kwetu sisi. Jabali alikozaliwa linaonekana pale pale, kila mtu analijua, na kila mtu wa jabali lile anadaka. Lakini alisema bila kupepesa macho.

Kindi akawageukia kanga. "Dada zangu, si mliona nimedaka? Si mlihesabu wenyewe?"

Nyani akatikisa tawi. Kuyu zikaanguka mbele ya kanga, po, po, po. Kanga wakainamisha vichwa, wakaanza kudonoa. Ukimwuliza mmoja, ana kitu mdomoni. Ukimwuliza mwingine, naye ana kitu mdomoni. Mimi kanga wale nawachukia kuliko Nyani mwenyewe, na nimesema mbele yenu.

"Basi turudie," akasema Kindi. "Bila kudaka."

Nyani akakubali. Asidhani mtu ni huruma, ni mkono tu ulikuwa bado unamwasha.

Jua lilikuwa utosini. Kindi akauzungusha mkia shingoni usije ukagongwa tena. Nyani akarusha, vuuu. Kindi akakwepa. Akainama, akachota, akatia. Tumbili akarusha, vuuu. Kindi akakwepa. Akainama, akachota, akatia. Mchanga ukafika shingo ya kibuyu. Kikabaki kiganja kimoja. Nyani akarusha mpira wa chini chini, Kindi akaruka juu, mpira ukapita chini ya miguu yake, ukatua mchangani, pu.

"Umetoka," akasema Nyani.

"Umenigonga wapi?"

"Kwetu sisi, kivuli kinahesabiwa. Uliporuka, kivuli chako kilibaki chini, na mpira umekipiga katikati ya tumbo."

Kindi alisimama na ule mchanga mkononi. Kiganja kimoja tu. Kutoka tunduni watoto wakaanza kulia njaa, tiii, tiii, tiii. Alitaka kumrushia Nyani mchanga machoni, na kama angekuwa mimi angemrushia. Lakini hakurusha.

"Kivuli kinahesabiwa," akasema Kindi polepole.

"Ndiyo. Kivuli ni mtu mwenyewe. Mpira ukigusa kivuli, mwenye kivuli ametoka, na mti ameukosa."

"Sheria hii ni yangu peke yangu au ya wote?"

Nyani akatanua kifua. Anapenda sana kuonekana mwenye haki, watu wa namna ile ndivyo walivyo. "Ya wote. Mimi sibagui."

"Hata anayerusha?"

Nyani akacheka. Nani atamgonga anayerusha, wakati mpira uko mikononi mwake? "Hata anayerusha," akasema. "Hata baba yangu angekuwepo."

"Dada zangu mmesikia?"

Kusikia hakuna hasara, kwa hiyo kanga wakameza, wakasema, "Tumesikia."

Kindi akainamisha kichwa kama mtu aliyekata tamaa. "Mzee Nyani, mimi nimeshindwa. Ila sheria ya kivuli sikuijua. Nipe mchezo mmoja wa mwisho. Nikishindwa, nitahama, tena nitakuonyesha mashimo yote nilikoficha njugu za kiangazi. Yako mashimo arobaini, na hakuna ayajuaye ila mimi."

Arobaini. Macho ya Nyani yakatoka. Ana mti mzima mbele yake, umeinama kwa kuyu, mtu mwingine angeona imetosha. Lakini alishaanza kutafuna zile njugu kabla hajaziona.

"Tucheze sasa hivi," akasema.

"Sasa hivi kivuli changu ni kidogo," akasema Kindi. "Umekigonga kwa bahati, huenda bahati isirudi. Tucheze jioni. Jioni kivuli changu kitakuwa kirefu, utakigonga hata ukiwa umefumba macho."

Nyani akamtazama Kindi, akamwonea huruma kwa ujinga wake. Akapanda juu ya mkuyu kusubiri. Akala.

Tumbili yeye alibaki chini. Tangu asubuhi ndiye aliyekuwa akikimbia kuokota mpira unapopotelea majanini, na kila alipoomba kuyu alitupiwa ganda. Kazi ya kurusha ya wawili, kazi ya kula ya mmoja. Sijui mjomba wa namna gani yule.

Jioni ikafika. Nyani akashuka, akaangalia uwanja huku na huku. Akachagua upande wa magharibi, jua likae mgongoni mwake, Kindi akimtazama apofuke. Mnaona roho ya mtu? Kivuli ameshakitungia sheria, kudaka amekufuta, bado anataka na jua limsaidie.

"Mimi nasimama hapa," akasema.

"Mzee, hapo jua litaniumiza macho," akasema Kindi.

"Kwetu sisi, anayerusha ndiye anayechagua upande."

"Haya," akasema Kindi.

Nyani akasimama wima kwa miguu miwili ili arushe kwa nguvu. Kivuli chake kikaanguka mbele yake. Kikavuka mstari, kikaingia uwanjani, kikafika katikati, kikalala pale kipana na kichwa chake na masikio yake. Kindi akakitazama. Akakiburuta kibuyu mpaka ndani ya kile kivuli, akaketi juu ya kifua cha kivuli, akaanza kujaza. Akainama, akachota, akatia. Akainama, akachota, akatia. Hakukimbia hata hatua moja.

Tumbili akaona. Mpira ulikuwa kwake. Akamtazama mjomba wake, akatazama maganda yaliyotapakaa chini, kisha akaurusha ule mpira juu kabisa, ukapita kichwani kwa Kindi, ukamfikia Nyani mikononi.

"Mjinga wewe," akasema Nyani. "Tazama, nikuonyeshe."

Akavuta mkono nyuma. Akarusha, vuuuuu. Kindi akachupa pembeni na kibuyu chake. Mpira ukatua, pu, vumbi likaruka.

Kanga wakanyoosha shingo.

"Nimegonga kivuli," akasema Nyani. "Mmeona wote. Hama."

"Kivuli cha nani?" akauliza Kindi.

Nyani akaangalia. Mpira ulikuwa umetulia mchangani, katikati ya kivuli kikubwa chenye masikio mawili na mkono mmoja mrefu uliokuwa bado umenyooka. Nyani akaukunja mkono. Kivuli kikaukunja mkono. Akahama kulia. Kivuli kikahama kulia.

"Na chako kilikuwa humo humo," akasema Nyani.

"Nionyeshe kilipo."

Nyani akakitafuta. Kivuli cha Kindi kilikuwa kimemezwa na chake, na huwezi kukitoa kimoja kwenye kingine.

"Basi sheria ya kivuli imefutwa," akasema.

Kanga wakatazamana. Wengine waliangalia mti, kama kuna kitu kitaanguka. Aliyesema ni Tumbili, tena kwa sauti ya chini.

"Mjomba, umetoka."

"Umesema nini?"

"Ulisema hata anayerusha. Ulisema hata babu angekuwepo. Umetoka, mjomba."

Hapo na kanga wakapata ulimi, maana sasa palikuwa na mtu wa kutangulia. "Ametoka, ametoka, ametoka," wakapiga kelele mpaka ng'ambo ya mto. Nyani akasema ameonewa. Akasema sheria gani hizi zinazomgeuka mwenyewe. Akasema kanga wamekula kuyu zake. Aliongea mpaka jua likazama, na kivuli chake kikazama nalo, akaondoka kwenda jabalini. Mpaka leo ikifika jioni utamwona nyani anaacha miti anakwenda kulala kwenye mawe, huku ananung'unika.

Kindi akapanda, akawakuta watoto wake hai, akawanyonyesha. Mkuyu wote ukawa wake. Mngependa niishie hapo, naona mmeanza kutabasamu. Hata mimi ningependa.

Kesho yake Tumbili akaja chini ya mkuyu. Kwa mjomba wake hawezi kurudi tena. "Dada Kindi," akasema, "naomba tawi moja. Si lenye kuyu nyingi. Lile la pembeni, nilale."

Kindi alikuwa juu, anakula kuyu ya tano. Akaangalia matawi, akahesabu. Yalikuwa mengi, lakini akayahesabu tena.

"Kwa nini tusicheze rede?" akasema. "Mimi nirushe, wewe ukae katikati. Ukishinda, tawi ni lako."

Tumbili akafurahi. Akaenda kuuokota ule mpira, akachora mstari, akasimama katikati na kibuyu.

"Ila kabla hatujaanza," akasema Kindi, "kwetu sisi..."

Tumbili hakungoja amalize. Akauweka mpira chini taratibu, akakiweka kibuyu pembeni yake, akaenda zake.

Ngano imekwisha na koo limenikauka. Utamu wake uwe wenu, uchungu wake mpelekeeni yeyote mnayemjua.

— Na fundisho, bibi?

Fundisho ni hili: mnyonge akishapata haki yake, hamdhulumu mtu. Na anayecheka atoke nje.