Akwambiaye Umetoka kwenye Sauti

"Akwambiaye umetoka kwenye sauti, ataka uimbe." Mmemsikia mchungaji akiisema leo, mkatazamana, sasa mnaniuliza imetoka wapi. Imetoka hapa hapa Rungwe, kwenye kwaya hii mnayoiona. Methali hii ilianza hivi.

Mnajua desturi yetu sisi Wamoravian: alfajiri ya Pasaka tunakwenda makaburini na matarumbeta, tunalisubiri jua huku tukiimba ufufuo. Kila ubeti huanzishwa na mtu mmoja, kisha kwaya na matarumbeta vinampokea. Zamani hizo mtu huyo alikuwa Subilaga. Jamani, mwanamke yule alijaliwa sauti! Na alijua kwamba amejaliwa. Akikatiza sokoni, hata kitenge chake kilikuwa kinaringa.

Lakini koo nalo huzeeka, kama magoti. Sauti yake ikaanza kushuka kila alipopandisha. Wanakwaya wote walisikia, na wote wakajifanya hawakusikia. Nani amguse Mama Subilaga?

Juma la mwisho la mazoezi kabla ya Pasaka, akajitokeza Tumwitike, binti aliyeolewa hapa juzi juzi kutoka Kyela. Watu walikuwa hawajalishika hata jina lake. Akapiga goti mbele ya Subilaga.

"Mama, nisamehe. Ukipandisha, unatoka kwenye sauti. Tunashindwa kukupokea."

Lo! Kwaya nzima ikatazama chini. Subilaga akahisi uso unawaka.

"Wewe ndiye wa kunifundisha mimi? Nilikuwa naimbisha hapa mama yako hajaolewa!"

"Najua, Mama. Ningetaka unyamaze, ningenyamaza mimi."

Subilaga akajifunga kitenge, akaondoka zake. Njia nzima alikuwa akigombana peke yake. Mtoto gani huyu asiye na adabu! Nyumbani akamkuta mumewe, mzee Ambakisye, mpiga tarumbeta wa siku nyingi, akisugua tarumbeta lake kwa majivu.

"Baba Gwakisa, hivi mbona siku hizi matarumbeta yanaingia kabla sijamaliza mstari wangu?"

Mzee akaendelea kusugua.

"Baba Gwakisa, nakuuliza!"

"Tunakufunika, mke wangu," akasema bila kuinua macho. "Tusikuaibishe."

Iliuma ile, msifanye mchezo. Subilaga akalia mpaka kitenge kikalowa. Watu aliowapenda walikuwa wamempulizia matarumbeta juu ya kichwa, mbele za Mungu, wakauita huo ndio upendo. Na yeye, aliyekuwa akiomba kila Jumapili Roho alijalie kanisa karama, karama ilipomjia imepiga goti, aliifokea. Akaona aibu. Kesho yake asubuhi akaenda kwa Tumwitike na mkungu wa ndizi, wakafunga mlango, wakaimba mpaka jioni.

Pasaka ikafika. Makaburini ukungu ulikuwa umetanda, watu wanajikunyata kwa baridi. Subilaga akamshika Tumwitike mkono, akamsimamisha mbele, mahali pake mwenyewe. Minong'ono ikaanza huko nyuma: "Mmeona? Mgeni amempokonya mama wa watu nafasi yake!"

Subilaga akageuka.

"Amenipokonya nini? Ninyi mmenificha siku zote hizi, mkaniacha nipotee! Akwambiaye umetoka kwenye sauti, ataka uimbe. Huyu Mungu amempa sikio na ujasiri, mimi amenibakizia koo la chini. Na ninyi wa matarumbeta, leo tulieni mpaka niwaite!"

Tumwitike akaanzisha, sauti ikapanda juu ya ukungu. Kisha Subilaga akaingia chini yake, kwa sauti nzito iliyotulia, sauti ambayo hakuna aliyewahi kuisikia kinywani mwake. Jua likachomoza. Alipowaita wenye matarumbeta, mzee Ambakisye alishindwa kupuliza, machozi yamemjaa.

Tangu siku hiyo kwaya yetu huimbishwa na wawili, wa juu na wa chini, na anayejiunga husikilizwa kwanza kabla ya kufundishwa. Watu wanatoka makanisa ya mbali kuja kutusikia, nasi tunaringa. Kwa nini tusiringe?

Kwa hiyo mtu akikwambia kweli ikakuchoma, usimuulize amekuja hapa lini, wala ni mke wa nani. Akwambiaye umetoka kwenye sauti, ataka uimbe.