Kibuyu cha Mvule wa Ukoo

Hapo zamani, na si zamani za wanyama kusema, ni zamani za bati na saruji, kule milimani Upare nyumba ya mjane Nakijwa ilianza kuzama upande mmoja. Ukuta ukapasuka hata mkono unapita. Fundi Kadeghe, aliyeijenga, akautazama ufa, akatikisa kichwa. "Mizizi hiyo, mama. Mvule ule unaimeza nyumba yako."

Salaale! Mvule wenyewe ulikuwa wa ukoo, haukatwi ovyo. Nakijwa akaenda kwa bwana misitu. "Lete neno la wazee," akaambiwa. Akaenda kwa Mzee Mshana, mlinzi wa mti.

"Neno si langu, mwanangu, ni la mti. Asubuhi weka shinani kibuyu cha dengelua. Jioni kikiwa kitupu, mti umekubali. Kikiwa kimejaa, umekataa."

Nakijwa akakamua miwa, akachachua pombe, akaweka kibuyu. Jioni kimejaa. Akakamua tena, akaweka tena. Jioni kimejaa vilevile! Na kule nyumbani ufa unapanuka, na yeye roho juu, hana pengine pa kwenda.

Mara ya tatu akajisemea, "Mti haunywi. Lakini namjua anywaye."

Akampitia Kadeghe. "Fundi, leo nakuomba usipite mvuleni. Nimeweka dengelua kali, tamu ajabu, ya mizimu." Kadeghe akaapa hapiti.

Loo, alipita!

Jioni kibuyu kitupu. Mzee Mshana akaziona alama za makobazi shinani, akazifuta kwa fimbo yake taratibu. Miaka arobaini mti ule ulikuwa ukiyanyima mahindi yake jua. "Umekubali!" akatangaza.

Mvule ukaangushwa. Na nyumba? Ikaendelea kuzama! Wakachimba msingi. Mzizi hawakuona hata mmoja. Waliona shimo la choo cha zamani, limefukiwa kwa majani ya migomba, na nyumba imekaa juu yake.

Siri ya kibuyu nayo ikavuja, baraza likaketi. Mila yao ni kwamba kosa la kuudanganya mti hubebeshwa mtu mmoja tu. Huyo hupanda mvule mwingine, huunywesha maji ya mtoni kila siku, na mpaka umpite kimo hajengi, hajengewi, wala hakalii kiti cha wazee.

Kadeghe akasema, "Shimo nililifukia kwa haraka, mama alitaka kuhamia kabla ya masika. Na pombe iliyowekwa chini ni ya mpita njia."

Mzee Mshana akasema, "Mila inasema nitazame kibuyu. Haisemi ninuse watu midomo."

Nakijwa akasimama, machozi yakimlengalenga. "Mimi niliomba ruhusa mara tatu, wazee wangu. Fundi nilimkataza kwa mdomo wangu huu. Mkinipa mimi kosa, nitalala wapi?"

Wazee, kila mmoja akamwachia mwenzake kutoa hukumu.

Basi ndoo ya kuunywesha mvule mpya ile pale, mto uko bondeni, na nyumba bado inazama. Wewe unayecheka hapo nyuma, hebu tuambie: je, nani aibebe?