Kwa Nini Tikiti Lina Doa Tumboni

Nyinyi mnaouliza kwa nini tikiti maji lina doa la njano tumboni, kaeni vizuri, na aliyeshika kisu akiweke chini kwanza. Jambo lenyewe si refu, ila linataka kusikilizwa.

Miaka hiyo, kabla babu zetu hawajapata babu zao, tikiti lilikuwa kijani mwili mzima. Halikuwa na tumbo wala mgongo. Jua likichomoza, matikiti yalianza kujigeuza palepale yalipo, taratibu, kama mtu mwenye baridi anavyoota moto, ubavu huu kisha ubavu ule, mpaka jua litue. Kila upande ulipata haki yake. Uzuri ulikuwa huo. Ubaya wake, hakuna aliyeweza kujua lipi limeiva na lipi bado, maana kwa nje yote yalikuwa mamoja.

Basi watu wakajiwekea desturi, wakaiita kutia dirisha. Mtu akipita kwenye bustani ya jirani alichomoa kisu, akakata kipande cha pembe tatu ubavuni mwa tikiti, akachungulia. Akikuta wekundu, wanaitana wanakula. Akikuta weupe, anakirudisha kile kipande mahali pake, anakigonga kwa kiganja, anasema, "Bado," anakwenda zake. Waliamini kabisa kwamba tikiti litajiponya kama ngozi ya mtu. Halikujiponya hata mara moja. Siku ya tatu povu, siku ya nne nzi, siku ya tano mwenye bustani analizoa kwa jembe akalitupe. Na hakuna aliyeona haya, kwa sababu kila mtu alifanya na kila mtu alifanyiwa.

Katika kijiji hicho alikuwapo mjane mmoja, Bi Kidawa. Bustani yake ilikuwa nyuma ya jiko, imezungushiwa ua wa miiba. Kila alfajiri alishuka mtoni, na mto wenyewe kiangazi ni mchanga mtupu. Anafukua kwa mikono mpaka maji yachuruzike, anayateka kwa kata, mtungi ukijaa anapanda nao. Safari tatu asubuhi, tatu jioni. Shingo ilikwisha kuzoea. Magoti ndiyo yaliyokuwa hayataki.

Mwaka ule mbegu zilikuwa kwake tu. Wenzake walikuwa wameyaharibu matikiti yao machanga misimu miwili mfululizo, na tikiti changa mbegu zake ni nyeupe, laini, hata uzifukie kwenye samadi hazioti. Bi Kidawa alikuwa na kiganja kimoja cha mbegu nyeusi alizoachiwa na mama yake. Akazipanda zote. Yakatoka matikiti tisa. Aliwaambia watu waziwazi, hakuficha: "Haya yakiharibika, tikiti limetutoka. Watoto wetu watalisikia kwa jina." Watu wakaitikia kwa vichwa. Kisha wakatia dirisha.

Siku moja alimkuta jirani yake, Bi Mwanamvua, amechuchumaa juu ya tikiti la tano.

"Shoga, nilikuwa napita tu," akasema.

"Unapita na kisu?"

"Kisu natembea nacho siku zote. Hili lilikuwa linaniangalia."

"Na umeliona?"

"Bado," akasema Bi Mwanamvua, akakigonga kipande, akaaga.

Kumkatalia haikuwezekana. Ua wa miiba ni wa mbuzi, ndivyo walivyosema wakubwa, si wa watu. Aliyemzuia jirani aliitwa mchoyo, na mchoyo hata akifiwa huwapikia waombolezaji peke yake. Kwa hiyo Bi Kidawa aliendelea kubeba maji. Akayamwagilia hata yaliyokwisha kutobolewa, kwa kuwa mikono ilikuwa haijui kazi nyingine. Yakaoza moja moja. Likabaki la tisa, lililojificha chini ya majani.

Asubuhi moja alirudi kutoka mtoni kwa safari ya tatu, akatua mtungi, akaketi chini kwenye udongo. Hakuketi kwa kutaka, miguu iliamua. Akaweka mkono juu ya lile tikiti, akalisikia linajigeuza polepole chini ya kiganja chake, zito, linakwama, linasukuma tena.

"Lala," akaliambia. "Mimi nimechoka. Nawe kutwa kujigeuza, na kujigeuza kwenyewe ndiko kunakotuponza. Hakuna anayejua umefika wapi, ndiyo maana wanakuja na visu."

Siku zile vitu vilikuwa havijaacha kusema. Tikiti likajibu, "Nimechoka kuliko wewe. Nilipokuwa dogo kama ngumi nilijigeuza kwa raha. Sasa nina maji yako yote tumboni."

"Basi tulale wote, lakini tupatane kabisa, sipendi maneno ya nusu nusu."

Wakapatana. Tikiti litalala upande mmoja, lisigeuke tena. Upande huo, kwa kukosa jua, utaanza kupauka siku hiyohiyo mpaka uwe mweupe. Siku litakapoiva utakuwa wa njano kama samli. Naye Bi Kidawa asiruhusu kisu kabla ya hapo, na mbegu zirudi ardhini. Tikiti likatulia. Bi Kidawa akajinyoosha kando yake, akasinzia kidogo juani kama mtoto.

Aliyemwamsha ni shemeji yake Mwinjuma, mdogo wa marehemu mumewe.

"Shemeji, nasikia limebaki moja. Tulitie dirisha tujue."

"Hulitii dirisha."

Mwinjuma akadhani hakusikia vizuri. Neno hilo lilikuwa halijasemwa kijijini pale. "Shemeji, marehemu kaka yangu hakuwa mchoyo."

"Marehemu kaka yako hakubeba mtungi hata mmoja. Chuchumaa. Liinue kidogo uangalie chini."

Akaliinua. Akaona weupe, kama ngozi iliyofunguliwa kitambaa cha kidonda. "Linaumwa?"

"Limelala. Likiwa la njano njoo na hicho kisu chako. Kabla ya hapo, anza na mkono wangu."

Hakupaza sauti. Hakuwa na nguvu ya kuipaza. Na labda hicho ndicho kilichomrudisha Mwinjuma nyuma, ugomvi angeuweza. Akaondoka, akaeneza habari. Siku kumi na mbili hakuna aliyemwamkia Bi Kidawa. Mtoni wanawake walihama wakafukua kwingine. Alipanda na mtungi wake, akashuka, akapanda. Kila jioni aliinua tikiti kwa vidole viwili, akachungulia, akalishusha.

Siku ya kumi na tatu lilikuwa la njano.

Akamwita Mwinjuma na kisu chake, akawaita wote, hata waliomnyima salamu. Kisu kikazama, tikiti likapasuka lenyewe mbele ya ncha. Wekundu mpaka ukingoni, na mbegu nyeusi tii. Watu wakala, juisi ikiwachuruzika viwikoni. Kila nyumba ikapewa mbegu zake, na sharti moja: geuza kwanza, kata baadaye.

"Shoga, ungesema tangu mwanzo," akasema Bi Mwanamvua akifuta kidevu.

"Nilisema," akajibu Bi Kidawa. Akaingia ndani, akalala, viatu miguuni. Jioni, saa ya kwenda mtoni, alikuwa bado amelala fofofo. Bi Mwanamvua aliusimamia ule mtungi mtupu kitambo, akauangalia, kisha akauinua akashuka nao mtoni bila kutumwa na mtu.

Na toka msimu ule tikiti halijigeuzi tena. Hulala ubavu mmoja pale linapozaliwa, na mnunuzi mwenye akili huliinua akatazama chini kabla ya kuuliza neno. Likiwa jeupe, liache. Msiambiwe doa hilo ni ugonjwa. Ni mahali lilipopumzikia.