Swali Mbele ya Jeneza la Mama Subilaga

Wamesimulia waliotutangulia kwamba huko milima ya Rungwe alikuwepo mama mmoja mcha Mungu, jina lake Subilaga, Mungu amrehemu. Kanisa la Kibaptisti la pale lilimpenda sana. Ndiye aliyewafundisha akina mama kuomba, ndiye aliyewaogesha wagonjwa ambao hata ndugu zao waliwaogopa. Alipofariki, watu walijaa kanisani mpaka wengine wakasimama nje kwenye matope.

Sasa, kanisa lile lilikuwa na desturi. Kabla ya maziko, mtoto wa marehemu anasimama kando ya jeneza na kusema mzazi wake alibatizwa wapi na nani. Akishasema, akina mama wa kanisa wanalibeba jeneza kwa nyimbo. Asiyebatizwa alibebwa na ukoo wake tu, kimya kimya.

Binti yake, Tusajigwe, aliiogopa desturi hiyo. Maana mama yake alikuwa amemwambia kitandani kabla hajafa, "Mwanangu, mimi sijabatizwa. Nilipokuwa mtoto, mto ulimchukua mdogo wangu nikimwona. Tangu hapo nikifika ukingoni miguu inagoma kuingia majini. Kanisani hawajaniuliza, na mimi nimenyamaza kwa aibu. Wewe usije ukadanganya kwa ajili yangu."

Mjomba wake akamvuta pembeni. "Sema alibatizwa kwao alikozaliwa. Wa kule wameshakufa wote, nani atabisha?"

"Mama atabisha, mjomba."

"Mama yako ndiye huyo kalala. Unataka abebwe kama mpita njia?"

Binti akarudi kando ya jeneza. Mchungaji Asajile akauliza, "Mama yetu alibatizwa wapi?"

Tusajigwe akashika ubao wa jeneza. "Hakubatizwa. Aliogopa maji mpaka amekufa. Alinikataza nisiwadanganye."

Kanisa zima likapigwa na butwaa. Kwaya ilikuwa imeshasimama, haikujua ikae au ifanye nini. Mama mmoja akawa anarudia, "Huyu huyu? Huyu aliyekuwa anatushikia nguo kavu pale mtoni tulipobatizwa?" Ndipo wakakumbuka. Kila siku ya Meza ya Bwana, ambayo hushirikiwa na waliobatizwa tu, Subilaga alitoka nje na watoto wachanga akisema, "Nendeni mkashiriki, hawa niachieni." Wao walidhani ni upole tu.

Shemasi Mwakatika akasimama. "Desturi ni desturi. Ukoo ubebe."

Kikongwe mmoja, Bibi Syabumi, akamuuliza palepale alipokaa, "Shemasi, yule mwizi wa msalabani alibatizwa na nani?"

"Bibi, yule hakupata nafasi."

"Na huyu hakupata miguu. Wewe siku yako ya ubatizo ulilia kama mbuzi, nani alikubembeleza mpaka ukaingia majini?"

Hakuna aliyecheka.

Mchungaji akasema, "Hatutasema alibatizwa, maana tumeambiwa kweli. Lakini miaka yote tumekula Meza ya Bwana, yeye yuko nje na watoto wetu. Hakuna aliyetoka kumuuliza kwa nini. Hata mimi."

Shemasi akashuka polepole, akainamisha bega chini ya jeneza. Akina mama wakamfuata. Walilibeba bila wimbo.

Wapendwa, binti yule angesema uongo mmoja mdogo, wangemwimbia mtu asiyekuwa mama yake. Mungu atujalie ulimi kama ule, na subira ya kumuuliza jirani yetu angali hai.